Tik Ishirini na Nne

Jumatatu, 7 Mei 1973, Mahurunga

Bunduki mpya imefika! Ina darubini, na kwenye darubini kuna vitufe viwili vya kuzungusha, kama vya redio. Cha juu hupandisha au kushusha risasi, cha pembeni huipeleka kulia au kushoto. Ukizungusha kinalia tik. Viboko wanamaliza mpunga wa Bi Madalena, balozi wetu wa nyumba kumi. Jumamosi Bwana Paulo, mkubwa wangu wa kazi, anatoka Mtwara kuchagua nani akabidhiwe bunduki hii. Mimi, askari wa wanyama mwenye sare, au Joaquim, mwindaji wa kijiji, aliyevuka Ruvuma na familia yake miaka tisa iliyopita akikimbia vita vya Msumbiji. Nikishindwa narudishwa ofisini kugonga mihuri. Sitashindwa.

Jumanne, 8 Mei

Darubini haijasawazishwa na bunduki. Kazi ndogo. Kwanza Bi Madalena akapiga ngoma, watu wasije wakadhani Wareno wamevuka mto. Hatua mia. Ubao, duara jeusi la ukubwa wa sahani. Nikapiga moja, ikaenda kulia. Nikazungusha. Nyingine, kushoto mno. Nikazungusha. Juu. Nikazungusha vyote viwili. Risasi kumi na moja! Ya mwisho iliangusha papai la Bi Madalena. Akaniuliza, mwanangu Danieli, viboko siku hizi wanapanda miti?

Jumatano, 9 Mei

Joaquim aliomba kujaribu. Akailaza bunduki juu ya gunia la pumba, akapiga tatu bila kugusa kitufe. Nikadhani amesahau. Akaenda kwenye ubao, akapima kwa vidole, akaniambia risasi moja haimtoshi kujua kitu, anataka kuona matundu matatu yamekaa wapi. Kwa hatua mia, tik nne ni inchi moja. Akazungusha akihesabu Kimakonde chinichini. Tatu nyingine, katikati kabisa, kikombe cha kahawa kingezifunika zote. Lazima nikiri niliona raha kumtazama. Halafu nikakasirika kwa kuona raha.

Ijumaa, 11 Mei

Nimepata mpango. Bunduki inatunzwa kwangu kwa amri ya serikali. Baada ya chakula cha mchana nimezungusha kitufe cha pembeni, tik ishirini na nne kulia. Inchi sita. Kesho Joaquim anapiga kwanza kwa kuwa ni mkubwa kwangu. Akishakosa, nairudisha kimyakimya, napiga mimi. Namwonea huruma, mtu mzuri yule. Nitamruhusu anibebee risasi.

Jumamosi, 12 Mei

Bwana Paulo alitoa risasi tatu za majaribio na tatu za mashindano. Joaquim akapiga za majaribio. Zote kulia, nje ya duara. Kicheko kikanibana, nikakimbilia nyuma ya kichuguu kukimaliza. Niliporudi alikuwa anapiga za mashindano. Katikati, zote tatu! Na bunduki nimeiharibu mwenyewe! Nikaelewa kwamba alilenga pembeni inchi sita kwa kukisia tu. Jicho gani lile? Nikampigia makofi kuliko watu wote.

Zamu yangu. Nikajifanya napangusa darubini, nikarudisha tik zangu ishirini na nne. Risasi za majaribio nikazikataa, kuonyesha ujasiri. Nikapiga tatu, zote kushoto, nje. Bwana Paulo akaitazama sare yangu kwa muda mrefu.

Jioni Joaquim alinivuta kando. Akasema nilipokwenda kichuguuni yeye aliona matundu yake yamehama, akazungusha tik ishirini na nne kushoto. Akasema labda niliigusa bunduki nikiisafisha. Hilo neno “labda” alilitamka mara mbili. Kwa Bwana Paulo hakusema neno, ila alimwomba nisirudishwe ofisini, nibaki kumbebea bunduki. Niliona haya.

Jumapili, 13 Mei

Asubuhi Joaquim ameangusha kiboko kwa risasi moja. Wengine wamerudi mtoni, na mpunga umepona. Bi Madalena amenigawia nyama, na papai. Muungwana kama Joaquim sijapata kumwona, na mtu akimsema vibaya mbele yangu tutagombana.

Jumamosi ijayo Bwana Paulo anarudi kukagua shabaha ya Joaquim. Nimekaa nimefikiri kosa langu lilikuwa wapi, na nimeliona. Nilizungusha kitufe cha pembeni. Safari hii nitazungusha cha juu.