Jinsi Nilivyowarahisishia Wazee Kompyuta

Jumatatu, 4 Novemba. Sevlievo. Mvua.

Mkutano wa nyumba ya kusoma, maktaba ya mji wetu. Velko, mhazini wetu, katangaza kuwa programu ya maktaba ni ya mashetani. Ukitaka kuazima kitabu, sharti uandike amri kwenye skrini tupu, kama rubani. Mkwewe anauza programu nzuri, yenye picha ya kikombe cha kahawa. Kura Ijumaa.

Kweli, yetu ni programu huria: ni ya bure, kila mtu ana ruhusa ya kuibadilisha, na hakuna anayejua kuitumia. Aliyeiweza ni mke wangu tu, marehemu Nevena, aliyekuwa mkutubi. Aliifunza ikamtii, kama alivyonifunza mimi. Pembeni ya jina la kila msomaji aliandika maneno mawili matatu. Programu ya mkwe itabeba majina ya vitabu tu. Maneno ya Nevena yatatupwa.

Tangu azikwe Aprili nayasoma kidogo kidogo kila asubuhi, yasiishe upesi. Hayatupwi!

Jumanne, 5 Novemba.

Mpango! Watunzi wa programu ni vijana wa kujitolea, wako Uholanzi. Wameahidi kuirahisisha iwapo nitawaonyesha watu wa kawaida wakihangaika nayo. Watu wa kawaida tunao tele.

Nimechora sura mbili za skrini. Ya kwanza, vitufe vitatu vikubwa: Azima, Rudisha, Tafuta. Ya pili, kila kitu kimerundikwa ukurasa wa mbele, hata maneno ya Nevena. Hiyo mbaya ni ya makusudi, nzuri ipate kung'ara. Ujanja mtupu.

Nimempiga video Bibi Rayna, msomaji wetu wa siku nyingi, na marafiki zake wawili. Ya kwanza waliipenda mno. Rayna alisema hata kuku wake angeazima kitabu. Ya pili waliikataa. Akaniuliza: Gencho, mwanangu, hii umechora au umemwaga?

Nimeondoa sauti, video iwe nyepesi. Nimetuma. Kisha rakia, pombe yetu ya matunda, kidogo tu ya kujipongeza.

Alhamisi, 7 Novemba.

Wamemaliza! Wanasema wamefuata video hatua kwa hatua. Sijafungua. Wataalamu hawakaguliwi.

Nimeshona kifungo cha koti la mkutano. Nevena alikuwa akikata uzi kwa meno, nami nikimkemea. Leo nimekata kwa meno.

Ijumaa, 8 Novemba.

Aibu! Nimeifungua kwa projekta ukutani, mbele ya watu wote. Vitufe havipo. Ukurasa wa mbele ni maneno ya Nevena, herufi kubwa kama tangazo la msiba.

Nikaelewa palepale. Sisi watu wa nchi hii tukikubali tunatikisa kichwa kushoto na kulia. Tukikataa, juu na chini. Kwao Uholanzi ni kinyume: wameona sura mbaya ndiyo iliyopendwa. Na sauti niliiondoa mwenyewe!

Ukumbi ukasoma. "Rayna: vitabu vyake hurudi na harufu ya pilipili za kuchoma. Asizuiwe." Rayna alicheka mpaka akashika kiti. "Velko: huazima riwaya za mapenzi, asema ni za shemeji yake. Hana shemeji."

Kisha sauti kutoka nyuma: Velko, shemeji hajambo?

Paa karibu liruke. Rayna akasema hataki kikombe cha mtu, anataka programu inayomjua. Tukapiga kura. Nusu walitaka kusoma zaidi, nusu waliogopa zamu yao. Sawa kwa sawa. Ikabaki kura ya Velko.

Kanivuta pembeni, shingo nyekundu. Futa mstari wangu, mzee, nikupe kura. Usipofuta, mkwe wangu anaingia Jumatatu.

Mstari mmoja, kuokoa mengine yote. Mtu mwenye akili angekubali. Nimekubali, naye akatupa kura.

Jumapili, 10 Novemba.

Sikufuta. Kidole kilifika, kikagoma. Siku alipouandika mstari ule, Nevena alirudi nyumbani akanisimulia na koti bado mwilini, akicheka, supu ikaungua.

Nimeupaka rangi nyeupe. Mweupe juu ya nyeupe! Velko kaja, kavaa miwani, kachungulia, kanipa mkono. Kaniita ndugu.

Vijana nao wamerudisha vitufe na kuomba radhi. Nimewasamehe, nina moyo mkubwa. Nimewaomba jambo moja tu la ziada, kwa ajili ya macho ya Rayna: kitufe cha kuifanya skrini nzima iwe nyeusi, isimchome.

Jumatano, 13 Novemba.

Kitufe kimefika. Nimemwita Rayna aonyeshe mbele ya kamati. Kabonyeza mwenyewe, bila kuuliza! Programu huria imeshinda!

Skrini ikawa nyeusi. Herufi zote zikawa za kijivu laini, kama nilivyoagiza. Isipokuwa mstari mmoja, mweupe, ukiwaka kama taa za lori. Rayna kausoma kwa sauti, maana hatimaye anaona vizuri.

Velko kachukua kofia yake. Anasema ufutwe leo, la sivyo kura inarudiwa. Nimeapa mbele ya kamati nzima.

Nimekaa, nimefikiri sana, nimekiri kosa langu. Kosa lilikuwa rangi. Kesho naupaka mweusi. Mweusi juu ya nyeusi, nani atauona?