Lalamiko Dhidi ya Tableti Inayojua Tarehe

Rumonge, Jumatano, 11 Februari 2026
(kwa kompyuta yangu, leo ni Jumapili)

Kwa Mhandisi Warda binti Rachidi,
Bujumbura.

Ndugu Mhandisi,

Amahoro. Najua wewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Fahima, na kwamba nimekubeba mgongoni kutoka sokoni mara nyingi kuliko unavyokumbuka. Lakini jambo hili ni la kikazi, kwa hiyo undugu nimeuweka kando kidogo. Nitaurudia kwenye salamu.

Kwanza nieleze nilichokielewa, asije mtu akasema mzee analalamikia asichokijua. Chama cha akina mama wakaushaji wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hapa Rumonge kina vichanja ishirini vya waya na wanachama sitini na wawili. Kila mtu akianika siku anayotaka, ni vita. Ndiyo maana marehemu mke wangu Mwanvua, mwalimu wa hesabu, aliandika programu ya kugawa zamu. Aliiandika kwa lugha ya kompyuta aliyofundishwa kwenye semina miaka ile, lugha ambayo leo, kwa maneno yako mwenyewe, imebaki na wasemaji wachache kuliko viti vya kinyozi. Programu ikakaa kwenye kompyuta iliyo sebuleni kwangu. Mwanvua alipofariki mwishoni mwa mwaka 2018, kazi ya kuiwasha ikawa yangu, na nimeiwasha kila asubuhi isipokuwa Idi.

Mwezi wa kumi na moja kompyuta iligoma siku mbili. Nakubali. Ndagala za watu ziliharibika, na Aliya, mwenyekiti wa chama, alilia mbele yangu. Hilo pia nakubali. Ndipo ukaitwa wewe. Ulinieleza kwamba programu ile haizungumzi na chuma moja kwa moja. Inazungumza na mashine pepe, yaani mashine isiyo na nyaya wala skrubu, iliyotengenezwa kwa maagizo matupu, na ndiyo inayoisoma lugha ile na kukiambia chuma la kufanya. Mashine pepe ya lugha ya Mwanvua ilitengenezewa kompyuta za zamani tu, kisha wenyewe wakaitelekeza. Wewe ukakaa miezi miwili ukiijenga upya ili iweze kuishi ndani ya tableti. Siku uliyoileta ulisema: "Mjomba, programu ya marehemu sikuigusa hata herufi moja. Nimeijengea nyumba nyingine tu."

Kwa hilo, murakoze sana. Sasa malalamiko.

1. Tableti inajua tarehe. Hili ni zito kuliko unavyodhani. Betri ya saa ya kompyuta yangu ilikufa zamani, kwa hiyo kila ikiwaka huuliza leo ni tarehe ngapi na mwaka gani. Mimi huisomea kutoka kwenye kalenda ya ukutani, ambayo ni ya mwaka 2018. Aliitundika Mwanvua, na sijapata nafasi ya kuibadilisha. Bila shaka siku haziangukii palepale, ndiyo maana kila mwaka mpya chama hukutana na kukubaliana tuongeze siku ngapi. Mwaka jana tuliongeza mbili. Mwaka huu ni tatu, na karatasi ninayonakilia zamu ikisema Jumatatu, kila mtu anajua ni Alhamisi. Tarehe 29 Februari 2024 kompyuta ilikataa katakata kwamba kuna siku kama hiyo, basi tukapumzika sote, na hakuna aliyelalamika. Huu ni utaratibu, Mhandisi. Umejengwa kwa miaka saba na watu wazima.

Tableti yako haikuuliza mtu. Wiki iliyopita ilimpa Aliya kichanja namba saba siku ya Jumatatu. Aliya, mtu wa nidhamu, akaongeza siku tatu. Ikampa Fabiola kichanja hichohicho siku ya Alhamisi. Fabiola ni mwanachama mgeni kutoka Gatete, yeye akaamini kilichoandikwa. Alhamisi asubuhi wakakutana pale, kila mmoja na beseni lake la ndagala mbichi, na mvua imeshaanza kuonekana upande wa Kongo. Nimesikia maneno waliyoambiana na siwezi kuyaandika katika barua rasmi. Mkosaji ni Fabiola, lakini aliyemponza ni wewe.

2. Inawaka upesi mno. Kompyuta yangu huchukua dakika kumi na moja. Katika dakika hizo watu hukaa kwenye benchi langu, husalimiana, huulizana nani anaumwa, nani amejifungua, bei ya mafuta ya mawese imefikaje huko juu. Anwari alikuja kumchukulia mama yake zamu, Ineza akaja kuchukua ya kwao, kompyuta ikakawia siku hiyo dakika kumi na tisa, na leo wana watoto wawili. Tableti inawaka kabla mtu hajamaliza kuitikia salamu. Naomba unionyeshe ni nani atakayechumbia ndani ya sekunde tatu.

3. Haitaki kupigwa. Kompyuta yangu haiwaki bila kibao kimoja cha kiganja, ubavu wa kushoto, kisicho na hasira. Mwanvua alinifundisha mwenyewe. Wengi wamejaribu, pamoja na fundi mmoja aliyekuja kutoka Muhuta na begi la vifaa, wakashindwa. Tableti inaguswa kwa kidole na mtu yeyote. Miaka yangu yote ya kuijua kazi hii imekwenda na maji.

4. Nasikia kioo chake kinaonekana chote, mpaka chini kabisa. Hii naichukulia kuwa ni kejeli kwangu binafsi. Kioo cha kompyuta yangu kilianguka mwaka 2016, na tangu hapo sehemu ya chini, upana wa vidole viwili, ni nyeusi. Mwanvua alinisihi miaka miwili nikibadilishe. Mimi, fundi redio wa miaka thelathini, mwenye vioo vitatu chini ya kitanda, nilimwambia kesho. Hukuwa na haja ya kulikumbusha hilo mbele ya chama kizima.

5. Inabebeka. Hapa ndipo penyewe. Zamani watu walikuja kwa kompyuta. Sasa tableti inawafuata watu, iko kwenye mkoba wa Aliya, inazunguka ufukweni, na hapa kwangu tangu mwanzo wa Januari hakuna aliyebisha hodi asubuhi. Benchi lipo. Chai nimeendelea kupika ile ya watu wanane, kwa mazoea, na ninaimwaga. Wewe unasema kila kitu kimehama salama. Mimi sikuhama, Warda. Nimebaki hapa na inaniuma.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, uirudie kazi yako na uikamilishe. Mashine pepe iongezewe dakika kumi na moja za kusubiri. Irudishwe mwaka 2018. Idai kibao, ubavu wa kushoto. Kioo kizibwe chini vidole viwili. Na kwa kuwa umethibitisha kwamba mashine inaweza kutengenezwa bila chuma, sioni sababu ya kushindwa kumtengeneza mjomba wako Radjabu bila mwili: akae humohumo ndani, katikati ya akina mama na programu, amuulize kila mmoja habari za nyumbani kabla ya kumpa zamu. Sifa zake nitakuandikia. Hahitaji kulishwa.

Ukikataa, nitapeleka shauri hili kwa wakuu wa komine, na likikwama komine nitalipeleka kwa mama yako.

Unaweza kusema sijaishika tableti yenyewe. Ni kweli, kwa msimamo. Umenipigia simu mara tatu kuniomba niitazame, nikaona unajigamba. Leo mchana, hata hivyo, Aliya ataniletea niikague, ili ushahidi wangu usiwe na tundu.

Basi nafunga kalamu hapa, undugu ukiwa umerudi mahali pake. Msalimie sana Fahima, mwambie mguu wangu haujambo. Msalimie baba yako, na majirani wa ghorofa ya chini wanaopika pilau Ijumaa, na yule bosi wako aliyekupa ruhusa ya kuja, ingawa simsamehe.

Ni mimi mjomba wako,
Radjabu Shabani,
Fundi Redio Mstaafu na Mwashaji wa Kompyuta ya Chama

Baada ya sahihi: Aliya amekuja. Nimeigusa kwa kidole. Zamu zikatokea zote, na chini yake, pale ambapo kwangu ni peusi, kuna mstari ambao sijawahi kuuona:

"Radjabu, kama uko unasoma hii, ni kusema umebadilisha ekra. Murakoze. Sasa toa na ile kalenda ku ukuta. Nakujua, mwaka imekwisha zamani."

Ekra ndiyo kioo, kwa maneno yake Mwanvua. Aliya anasema wote waliuona tangu wiki ya kwanza, wakadhani naujua na ni ubishi wangu tu. Nawe uliuona ulipokuwa unaijaribu, ukanyamaza, ukanipigia simu mara tatu. Mwanvua aliuandika mahali nisipoweza kupaona mpaka nitimize ahadi, na nisingeitimiza, na wewe hukugusa hata herufi moja.

Barua hii ichane. Tableti nimemwambia Aliya iwe inalala hapa kwangu, umeme upo, na asubuhi waje kuichukulia zamu hapahapa kama zamani; chai ni ile ya watu wanane. Kalenda nimeitoa. Ukutani pamebaki mraba mweupe. Ukija kufuturu nasi, niletee ya mwaka huu, iwe kubwa, ienee pale.