Mgeni Asiyetoa Habari za Njiani

Isiolo Mjini,
17 Novemba 1966

Kwa Bwana Mkuu wa Matangazo ya Redio,
Nairobi.

Bwana Mkuu,

Salaam aleikum, na kama wewe si mtu wa salaam, basi habari ya huko. Mimi naitwa Hersi Shire, muuza sukari, majani ya chai na shuka hapa Isiolo. Babu yangu aliletwa huku akiwa askari wa Mwingereza, akapewa medali na ruhusa ya kufuga, na tangu siku hiyo ukoo wetu haujawahi kuiandikia serikali neno la utovu wa adabu. Hata barua hii si ya siasa. Nakuomba tu uisome ukiwa umeketi.

Malalamiko yangu yanamhusu mtangazaji wako wa taarifa ya saa kumi na moja jioni, Bwana Kaberia. Sina ugomvi na sauti yake. Ni sauti nzuri, tena inafika mpaka jikoni. Ugomvi wangu ni tabia yake akiwa ndani ya nyumba yangu.

Ili unielewe, lazima kwanza nikujulishe kwa mama yangu, Mama Faduma. Mama amekula chumvi nyingi, na karibu yote aliila kwenye njia za ngamia. Kwake, mtu akiingia nyumbani akatoa salamu, huyo ni mgeni. Na kwetu mgeni ana mambo yake. Anaitikiwa, anakalishwa mkekani, anapewa chai au maziwa, kisha anaulizwa "warran", yaani toa habari. Hapo anaanza: mvua imenyesha wapi, kisima gani kina maji, amekutana na nani, nani mgonjwa, ngamia wa nani amezaa. Akimaliza yote hayo ndipo aseme shida yake mwenyewe. Mwenye nyumba hamkatizi wala hamwachi akasema peke yake. Mwaka huu nilinunua redio ya betri nikaiweka juu ya rafu. Jioni ya kwanza ikasema, "Hamjambo mabibi na mabwana." Mama akaitikia, akaniamuru nimshushe mgeni kutoka kwenye rafu, kwa maana hakuwa kuku.

Nilijaribu kueleza. Rafiki yangu Ntongai, Mmeru muuza miraa ambaye huja kusikiliza taarifa kwangu kila jioni, alijaribu pia. Alimwambia mama kwamba hiyo ni mbao na waya tu. Mama akamjibu, "Hata wewe Ntongai iko nyama na mifupa tu, na chai tunakupa." Tangu hapo Ntongai ameacha kueleza, na mimi nimejiunga naye. Basi yafuatayo ndiyo makosa ya mgeni wenu.

1. Anasalimu na hangoji jibu. Anasema hamjambo, na kabla mama hajafika kwenye "sisi wazima, na wewe, na nyumba yako, na mifugo yako", yeye ameshaingia katika hotuba ya waziri. Kwetu hata mwizi wa ngamia husubiri aitikiwe. Mama alimsamehe wiki ya kwanza, akisema pengine kijana ametoka mbali na anaharakishwa na njaa.

2. Habari anazotoa si za njiani. Juzi alitumia muda mrefu akieleza jinsi magari yalivyosongamana katika barabara moja ya Nairobi, akawashauri wenye magari wapite barabara nyingine. Bwana Mkuu, sisi hapa tuna barabara moja, nayo haipitwi bila kibali. Mama aliwahurumia sana watu wa Nairobi, akauliza mbona hawapangi zamu kama kisimani, wenye kiu sana wapite kwanza. Akamwambia Bwana Kaberia awafikishie. Hatujasikia kama alifikisha. Isitoshe, Ntongai aliporudi kutoka Nairobi alitusimulia kwamba siku hizi huko kuna redio yenye dirisha, na ndani ya dirisha mtangazaji anaonekana uso, tai na hata jasho. Ntongai anaapa kwamba Kaberia ni wa ukoo wao na kwamba kichwa chake ni kikubwa. Sasa mama anauliza: kwa nini matajiri wa Nairobi wanaletewa uso, na sisi tunaletewa sauti tupu? Mgeni anayeficha uso kwa wengine ana lake jambo.

3. Hajui kuondoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mama hakusahau. Siku ya tatu alimpeleka Bwana Kaberia zizini alinde mbuzi. Alilinda vizuri mpaka ilipopigwa beni ya jeshi, na mbuzi wawili tuliwapata kwa majirani. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kumzima ni haramu. Mama asema mgeni hafungwi mdomo. Basi anasema mpaka anapochoka mwenyewe, na betri zangu zinakwisha. Zikiisha, mama anazianika juani, kwa kuwa mgeni ameshikwa na baridi, na jambo la kuniudhi ni kwamba zikianikwa kweli zinapata nguvu kidogo. Unajua pia kwamba hapa kwetu kafyu huanza saa kumi na mbili. Mama hamruhusu mtu kuinuka mgeni akiwa bado anasema. Ntongai amelala juu ya magunia yangu ya sukari mara nyingi kuliko kitandani kwake, na mke wake ameanza kuniuliza maswali.

4. Ametupeleka kituo cha polisi. Wiki iliyopita askari wa doria walipita nje ya ukuta wetu wakamsikia mama akisema, "Sema, mwanangu. Sericho ulipita? Ngamia yetu uliona?" Bwana Mkuu, wewe unajua ni nyakati gani hizi za kusakwa mashifta. Mtu aliyetoka Sericho bila kibali, amejificha katika nyumba ya Msomali, na anaulizwa habari! Waliingia wakiwa na bunduki. Koplo wao, Mturukana mmoja aitwaye Nangiro, akauliza mgeni yuko wapi. Mama akamwonyesha mkekani, akamwomba aketi angoje kidogo kwa sababu mgeni hajamaliza. Walipekua magunia, wakapekua kitanda, wakamtazama Ntongai kwa muda mrefu, kisha wakamchukua Bwana Kaberia awe ushahidi.

Asubuhi mama alikwenda kituoni na chupa ya chai. Alisema ni aibu isiyofutika mgeni wake kushikwa na kulazwa njaa. Nilimfuata nikiwa nimejifunika uso. Sikutoka mpaka nilipotia sahihi kwamba mimi, Hersi Shire, nitamleta mgeni huyo kituoni wakati wowote akihitajika. Koplo Nangiro si mtu mbaya. Aliturudishia redio ikiwa safi kuliko tulivyoitoa, ila betri zilikuwa zimekwisha kabisa, kwa kuwa usiku ule kulikuwa na mpira.

5. Hili la mwisho sitalifanyia mzaha, ingawa mambo mengine nimejizuia kwa shida.

Mdogo wangu, Jama, anachunga ngamia wetu upande wa Sericho. Zamani sikuhitaji redio wala gazeti. Mchungaji aliyetoka kule akiingia dukani kununua sukari alitoa habari za Jama kabla hajauliza bei. Tangu watu wa kule walipoamriwa kukaa katika kijiji kimoja, na malori yakakatazwa kwenda bila msafara wa jeshi, hakuna mtu anayekuja. Vizuizi viko kila mahali na vibali ni adimu kuliko mvua. Mgeni pekee anayevuka vizuizi vyote bila kibali na kuingia nyumbani mwangu kila jioni ni Bwana Kaberia. Ndiyo sababu mama anamuuliza yeye. Amuulize nani mwingine?

Naye kila jioni hutaja Nairobi, hutaja Mombasa, hutaja London na mji mwingine wa Wahindi ambao siwezi kuuandika. Sericho hajaitaja hata siku moja. Mwanzoni mama alidhani amesahau. Baadaye aliacha kumuuliza, akawa anamsikiliza tu huku ameinamisha kichwa. Juzi akaniambia, "Hersi, huyu kijana anajua. Anaona mimi mzee, anaogopa kusema." Kwa sababu kwetu, Bwana Mkuu, mtu anayejua habari za dunia nzima na anaruka habari za nyumbani kwako, huyo amebeba msiba na hajapata mahali pa kuutua. Sasa mama anataka nimwite shehe amsomee Jama hitma, kama asomewavyo marehemu. Nimemwomba angoje mwezi uishe. Hali chakula isipokuwa nikimsimamia, na amekonda mpaka bangili zinamtoka mkononi.

Nami nimeanza kumwamini. Mimi niliyesoma mpaka darasa la saba, ninayejua betri ni nini, saa kumi na moja ikifika natazama ile mbao nikitafuta kama sauti ya Kaberia imetetemeka. Hilo linanitisha kuliko askari.

Kwa hiyo naomba kwa heshima yafuatayo. Kwanza, baada ya kusema hamjambo, mtangazaji anyamaze kiasi cha mtu mzima kuitikia vizuri. Pili, aanze na mvua, majani na visima, mawaziri wafuate baadaye. Tatu, jioni yoyote ya wiki ijayo aseme kwamba Jama Shire wa Sericho ni mzima na ngamia wake ni wazima.

Najua utasema hamna habari hiyo. Haidhuru, aiseme. Utaniambia redio haiwezi kutangaza jambo ambalo haikuliona. Lakini Bwana Mkuu, kila jioni mnatangaza kwamba Kaskazini kote ni shwari, na sijaona mtu wenu amekuja kutuuliza. Kama mmeweza kutuliza mkoa mzima bila kutoka ofisini, kumponya mtu mmoja na ngamia kumi na tisa hakuwezi kuwashinda.

Mkikataa, wazee wetu watakaa. Mgeni aliyekula na kuficha habari hutozwa ngamia jike, tena mchanga. Mnaweza kumleta Bwana Kaberia katika ile redio yenye dirisha ili wazee wamwone macho anapojibu. Na mkikataa hata hilo, basi naomba mawimbi yenu yakifika Mto Isiolo yapande juu, yapite nyumba yangu, yashuke tena yakikaribia Marsabit. Sitaki mgeni tena. Mlango nimefunga.

Naweka kalamu chini, adabu yangu ikiwa bado nzima ingawa imechoka. Msalimie Bwana Kaberia mwenyewe, na mama yake, na mtu anayewapikia chai hapo ofisini. Wasalimie pia wenye magari waliokwama, kama wameshatoka. Ntongai anawasalimu kutoka juu ya magunia, na anamwomba jamaa yake Kaberia amtambue.

Ni mimi, kwa masikitiko,
Hersi Shire

N.B. Bwana Mkuu, barua hii ilikuwa bado haijatiwa stempu msafara wa jeshi ulipoingia mjini jana. Jama alikuwa juu ya lori la pili.

Alifika saa ya taarifa. Alisimama mlangoni hatoi salamu, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaja akamgusa mama begani kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu sufuria kama ni ya moto. Kumbe huko Sericho kijiji kizima hukusanyika jioni dukani kwa Tache, penye redio moja. Kila siku walimsikia Bwana Kaberia akitaja Nairobi, Mombasa na London, na Isiolo haitaji. Wazee wa kule wakaelewana kwamba Isiolo imekwisha na kijana anaona haya kusema. Wametusomea hitma, Bwana Mkuu. Wamechinja mbuzi wawili kwa ajili yetu. Jama alikwenda kwa afisa kuomba kibali cha kuja kuzuru makaburi yetu, na alipewa siku ileile, kwa kuwa afisa naye husikiliza redio na hakuwa na habari tofauti.

Mama alipoelewa, aliinuka. Bwana Kaberia alikuwa katikati ya bei ya pareto, na mama akamwacha hapo mkekani akisema peke yake, akamshika Jama uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti. Mimi nililia. Ntongai alilia, na Jama si ndugu yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyesikia taarifa iliishaje.

Usiku mama alitoa hukumu. Anasema kijana alijua muda wote kwamba Sericho wamekwisha kumzika, akaona si adabu kumwambia mama mtu mzima kwamba yeye ni marehemu. Anasema huyo amelelewa. Kwa hiyo nafuta malalamiko ya kwanza mpaka ya tano, na mawimbi yaendelee kupita palepale yalipopita siku zote.

Liko jambo moja tu. Kwa sheria yetu, mwenye nyumba anayemwacha mgeni katikati ya maneno ndiye anayetozwa. Ngamia basi ni wa Bwana Kaberia, na Jama ameshamchagua. Aje mwenyewe amchukue. Koplo Nangiro amesema kibali ataandika yeye. Ila asije na haraka, kwa sababu mama bado ana maswali.

H. S.