Mama wa Bibi Harusi Lazima Aruke

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Waziri, Mheshimiwa Naibu wa Kaimu Katibu, makamishna mliopo, mliokuwapo na mlio njiani, maaskofu, masultani, wanausalama mliosimama mlangoni, stekiholda wote wa nyonga, na zaidi ya yote akina mama wa Juba: itifaki nimeizingatia, na niliyemsahau ajihesabu amesalimiwa. (Makofi.) Mimi ni Daktari Emilio Wani, Mkurugenzi Mwandamizi wa Uratibu wa Misuli Isiyoonekana, wadhifa niliouomba mwenyewe, nikajipendekezea mwenyewe, na ninautendea haki.

Kabla sijaanza, nina lalamiko dogo. Nimeshuka garini, ng'ombe amechinjwa, nikamruka kama ada inavyotaka, lakini akina mama wa mapokezi mmepiga vigelegele mmesimama wima kama nguzo za umeme, na Juba hii mgeni hupokewa kwa kuruka. Nikamuuliza msaidizi wangu, naye akaninong'oneza kwamba waliopangwa kunipokea ndio hao hao walioorodheshwa kwa tatizo lenyewe, na kwamba wakiruka mkojo unawatoka. Malesh, samahani. Hilo halikuwa kwenye kabrasha langu. (Kicheko. Baadhi ya akina mama wanajizuia kucheka, wanabana magoti.)

Nitalisema waziwazi. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na hapa wengi mmezaa, ndiko tatizo lilikoanzia. Nina barua mkononi iliyoletwa ofisini kwangu miezi mitatu iliyopita na Mama Nyaruot, yule pale mwenye kitambaa cha njano, anayeongoza kwaya kanisani kwake. Anaandika, nanukuu: "Mheshimiwa, tangu nimzae wa tano, nikikohoa unatoka, nikicheka unatoka, na kuruka ndiyo usiseme. Binti yangu Nyakuon anaolewa. Mama wa bibi harusi asiporuka kwenye ngoma, wakwe watasema amedharau ng'ombe wao wa mahari, na mwanangu ataishi na neno hilo mpaka azeeke. Naomba msaada mapema." Mwisho wa kunukuu. Harusi ni Jumamosi hii, na leo ni Alhamisi, kwa hiyo mnaona wenyewe kwamba ofisi yangu haikulala. (Mtu anakohoa kwa tahadhari.)

Ndiyo maana leo nazindua Kituo cha Kisasa cha Kukaza Misuli ya Sakafu ya Nyonga, chenye mashine ya bayofidibaki, iliyomo ndani ya boksi hili kubwa lenye utepe, ambalo naomba mtu yeyote asiliegemee. Mama anawekewa kitambuzi, anakaza misuli kama anayezuia mkojo, na mstari kwenye skrini unapanda kumwonyesha kwamba amekaza penyewe na si tumbo wala makalio. Anahesabu kumi, analegeza, anapumzika, anarudia mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Kwa mujibu wa fremuweki yetu, asilimia mia moja na nne ya akina mama watapona, na hiyo nne ya ziada ni wale watakaopona kwa kusikia tu. (Makofi ya wanausalama.)

Sasa kuna mkunga mmoja, Lillian, kutoka Jinja, aliyekuwa akifundisha mazoezi haya bure kwenye chumba cha nyuma cha duka lake la vitenge hapa mtaani Hai Cinema, bila mashine, bila kibali, bila hata bango, eti kwa sababu mtu anaweza kuyafanya ameketi popote na jirani yake asijue. Wiki tano zilizopita tulikifunga chumba hicho kwa kufuli, ili kituo cha serikali kisipate mshindani kabla hakijazaliwa. (Minong'ono.) Hatuna kinyongo naye. Namwona safu ya pili, na tangu nianze kuhutubia anainua kidole, akina mama wote wananyamaza macho mbele, kisha anakishusha nao wanashusha pumzi. Nidhamu ya namna hiyo sijawahi kuipata hata kwa wafanyakazi wangu.

Na sasa, kwa ajili ya picha ya ripoti, namwomba Mama Nyaruot asimame aruke mara moja tu mbele ya boksi. (Mama Nyaruot anasita. Anamtazama Lillian, Lillian anatikisa kichwa kukubali. Anakaza, anaruka. Anasubiri. Anaruka tena, juu zaidi, na mara ya tatu anaruka huku anacheka. Hakuna kilichotoka. Vigelegele ukumbi mzima.) Kalas, yamekwisha. Mmeona kituo kinavyofanya kazi hata kabla ya kufunguliwa. Nyonga imara, taifa imara. Kaza, hesabu, legeza, songa mbele.

Imebaki shukrani. Namshukuru Waiswa, muuza friji wa mtaa wa Sherikat, kwa kutuazima boksi hili la friji, ambalo atalihitaji jioni, kwa hiyo tusilikunje. Namshukuru mwenye ukumbi, tunaourudisha saa kumi kamili. Namshukuru fundi wa bango, ambaye ameacha nafasi wazi penye jina la mtaa ili litumike pia Nyakuron wiki ijayo. Kituo chenyewe kitajengwa pindi kiwanja kitakapopatikana, na mashine itaagizwa pindi tutakapokubaliana inaitwaje. Lakini zaidi ya wote nawashukuru ninyi akina mama, kwa kunisikiliza dakika arobaini bila kutikisika.

(Lillian anasimama. "Hapana kukusikiliza, Mheshimiwa. Sisi ilikuwa inakaza. Toka ulifunga chumba yetu, sisi inakazia kwa mkutano yako. Kila mkutano. Mkutano yako ni ndefu, inasaidia sana.")

Aah. Basi naomba hilo liingie kwenye ripoti kama mafanikio.

("Andika," anasema Mama Nyaruot, akijifunga kitambaa. "Na ufunguo wa kufuli ulete kesho asubuhi, Mheshimiwa. Jumamosi nina ngoma.")