Mikungu Arobaini na Moja Bila Ukuni Mmoja

Kwa Mwenyekiti Rwegasira,
Chama cha Kuzikana, Kagoma, Muleba.

Mwanangu Mwenyekiti,

Habari za afya tutaulizana siku nyingine, leo nimekuja na malalamiko. Nilisoma mpaka darasa la nne, lakini la nne la zamani, kwa hiyo usije ukasema hukuelewa.

Kwa miaka ishirini na sita majina yetu yalikaa kwenye kaunta buku: huyu ndizi, huyu kuni, huyu maji, huyu maharage. Akaja Katibu Mwijage na chuo chake cha Bukoba, akayahamishia kwenye jedwali la mtandaoni, tukatumiwa kiungo kwenye simu. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa namenya ndizi.

1. Alhamisi tulimzika Mzee Rugaibula. Kila mwanachama alifungua jedwali akakuta kaandikiwa ndizi. Ikaja mikungu arobaini na moja. Kuni, hata kijiti cha kuchokolea meno hakikuja. Waitu, mwanangu, ulikuwepo: tulivunja banda la mbuzi la mjane Evodia tupate cha kuwasha, mbuzi mwenyewe amesimama anatuangalia. Na bado ndizi hazikuiva.

2. Ijumaa nikataka kulisoma mwenyewe, nijue nani katuaibisha. Kivinjari kikasema kuna hitilafu, nijaribu tena. Nikajaribu mara tisa. Nikampigia Katibu, akasema, Bibi, pakia upya. Nikapakia. Akasema nifute kumbukumbu za kivinjari. Nikafuta, kikasahau mpaka novena yangu ya asubuhi, na faili limefungwa vilevile.

3. Jumamosi nikahamia kivinjari kingine. Likafunguka nusu. Penye tarehe za mazishi pamejaa vialama kama wavu wa dagaa. Katibu akasema safu ni nyembamba, niipanue. Mimi? Kaunta buku tulilinunua likiwa limeshapanuliwa. Na kabla sijafika penye majina, bando likakata.

4. Jumapili nimetoka kanisani, nafungua, naambiwa sina ruhusa, nimwombe mwenye faili. Mwenye faili ni Mwijage. Huyo nilimwogesha siku aliyozaliwa, na alilia kuliko anavyolia mtu mwenye akili. Leo nimwombe ruhusa ya kujua nani ataleta maji siku nitakayozikwa?

Kwa hiyo naomba kaunta buku lirudi. Na mpaka litakaporudi, tangazo lisomwe kwa Wakatoliki na kwa Walutheri: mgonjwa yeyote aanze kwa kufungua faili. Likikataa, asife, asubiri mtandao utulie. Mimi nina miaka themanini na moja, naweza kusubiri, ila si sana, na sitaki kuzikwa na watu wenye njaa wanaovunja banda langu.

Naomba pia Katibu avuliwe ukatibu kwenye mkutano wa Jumamosi, mbele ya wote. Kisha abebe kuni kichwani kutoka Nshamba mpaka kwa Evodia, na banda alijenge yeye. Huruma sina.

Msalimie mkeo, msalimie mama yako, wasalimie na wote waliotafuna ndizi mbichi wakasema ni tamu kwa sababu ya heshima.

Ni mimi, mwanachama namba moja,
Ma Georgina.

N.B. Nilikuwa nimeshamaliza, mjukuu wangu Renatha akafika kutoka Bukoba. Akaomba ruhusa, akapewa palepale, akalifungua kwenye kompyuta yake. Kumbe faili linaandika nani kagusa nini na saa ngapi, umbea ambao kaunta buku halikuwa nao. Linasema ndizi zote zimetoka kwenye simu yangu, siku ileile kiungo kilipotumwa. Ni kweli niliandikiwa kuni, na kwa mgongo huu kuni sibebi, nikabadilisha mstari wangu tu. Kidole kilikuwa na utomvu wa ndizi, kikanata, kikateremka na neno ndizi mpaka jina la mwisho. Renatha anasema Katibu alijua tangu Jumapili, ndiyo maana akanifungia, na hajamwambia mtu. Basi hilo la kumvua ukatibu liruke ukisoma. Barua nyingine siandiki, karatasi imeisha. Miti ya banda la Evodia nitatoa mimi, na ruhusa nitaiomba mwenyewe. Lakini mstari wangu ubaki ndizi.