Mshono Ulioachia Kwenye Basi

Kahawa ya Shangazi ilikuwa bado inafuka moshi, na tayari benchi lilishawaka moto.

Aliyeuwasha ni Bondia. Bondia huyu hajawahi kupigana hata na usingizi. Jina alipewa kwa sababu ya shingo na kifua, vitu alivyozaliwa navyo, na kazi yake ni kuuza matairi. Alikuwa ameketi mbele ya duka la kushona nguo, simu mkononi, macho yamemtoka.

"Mmeiona hii? Jamaa ndani ya basi anamtukana abiria mwenzake, kisa rangi ya ngozi! Eti rudini kwenu, mmetujaa kama kunguni. Na basi zima kimya! Watu wazima, wana ndevu zao, wanaangalia viatu!"

"Hebu nione," akasema Shangazi, mwuza kahawa, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ila alikuwa na mdomo wa ushangazi. Akaitazama ile video mpaka mwisho, akaguna. "Mungu wangu. Hata kukohoa hawakukohoa."

"Ningekuwepo mimi!" Bondia akasimama. "Ningemshika hapa," akaikamata hewa kwenye kola, "nikamtundika kwenye kile chuma cha kushikia abiria. Angening'inia mpaka kituo cha mwisho kama koti la mvua!"

"Halafu ushtakiwe wewe," ilisema sauti kutoka mwisho wa benchi. Huyo ni Ibara, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hata chumvi ikizidi kwenye mboga hutaja kifungu cha sheria. "Shambulio la mwili, kijana. Mtukanaji anakwenda kula kwa mkewe, wewe unakwenda kula kwa serikali."

"Basi wewe ungefanya nini, mzee wetu?"

"Ningemwambia kwa upole: ndugu, maneno yako ni kosa la jinai, nakushauri uyameze. Kisha ningekusanya mashahidi."

"Mashahidi utawatoa wapi," Shangazi akadakia, "na wote wanasoma viatu?"

Wakacheka. Ndani ya duka, cherehani ikanyamaza. Fundi mwenyewe, mtu mwembamba waliyemwita Sindano, alitoa kichwa dirishani, pini tatu mdomoni, akasema taratibu:

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Loo! Ungedhani amemwaga kahawa ya watu.

"Msikieni!"

"Ndiyo watu wenyewe hao wa kwenye video!"

"Mimi nasema tu," Sindano alizitoa pini mdomoni. Mama yake alimlea kwa methali, na zote zilikuwa za kukaa mbali na ugomvi. "Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi napenda kwangu kuwe na kicheko."

"Sawa," alisema Shangazi, akipangusa kikombe. "Mwoga kafika kwake, anacheka na wanawe. Na yule aliyemwacha kule kwenye basi, yeye kafika kwake na nini?"

Sindano akarudi kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu kuliko nguo ilivyotaka.

Siku hiyo walikuwa na safari. Mwenzao waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, aliteleza bafuni akavunjika mguu, na walikubaliana kwenda kumwangalia hospitalini. Jua lilipopanda, Sindano alifunga duka, Shangazi akabeba chupa yake ya kahawa na vikombe ("wagonjwa hawanywi, lakini wanaowatazama wanakunywa"), wote wanne wakapanda basi. Lilikuwa basi kubwa, viti vingi vitupu, wakaenda kukaa kule nyuma kabisa ambako mtu anaweza kubishana kwa raha zake.

Penye kituo cha soko alipanda dada mmoja fundi bomba. Ovaroli ya buluu, viatu vya mpira, mfuko wa zana begani na kipande cha bomba kikichungulia nje. Nywele zake ndefu za singa zilifungwa chini ya kofia, na ngozi yake haikufanana na ya abiria wengine mle. Alimsalimia dereva, akamwuliza hali ya mtoto aliyekuwa na homa, akakaa katikati ya basi, mfuko miguuni.

Nyuma yake akapanda bwana mmoja mwenye tumbo la kutangulia na viatu vyeupe vipya. Viti vilikuwepo, hakukaa. Alisimama juu ya yule dada kama mhudumu wa hoteli anayesubiri kulipwa.

"Kila mahali wao," alianza, akilihutubia basi zima. "Maduka wao, majumba wao, sasa na mabomba wao! Wewe! Rudi kwenu!"

Yule dada akatazama dirishani.

"Nasema na wewe. Kiswahili hukijui?"

"Nakijua," alisema bila kugeuka. "Na kwetu ni nyuma ya soko. Ndiko ninakotoka sasa hivi."

Mtu mmoja akacheka, kicheko kikafia kooni. Yule bwana alivimba.

"Nasema kwenu, kwa babu yako!"

"Babu yangu tumemzika hapa hapa. Ukitaka nitakupeleka ukamsalimie."

Hapo bwana akakosa neno, na mtu akikosa neno hutafuta mguu. Akaupiga teke mfuko. Spana, vibano, kila kitu kikamwagika njiani kwa kelele ya vyuma. Dada akainama kuokota. Aliponyoosha mkono kwenye spana kubwa, yule bwana akaisukuma kwa kiatu chake cheupe, ikaenda mbali kidogo. Akanyoosha tena. Akaisukuma tena.

Basi likawa kimya kama darasa la mwalimu mkali.

Kule nyuma minong'ono ikaanza.

"Bondia," Shangazi akamminya ubavu. "Chuma cha kushikia si kile pale?"

"Nakiona. Naona kama hakikukazwa vizuri."

"Ibara?"

"Tusikurupuke. Kwanza tuthibitishe nia."

"Nia! Si anaipiga teke spana ya mtu!"

"Kisheria, spana siyo mtu."

Basi likapita kituo. Bondia akawa ameanza kusoma tangazo la dawa ya meno juu ya dirisha, akilisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Sindano alikuwa ameyakaza macho kwenye magoti yake. Alijiambia pilipili usiyoila. Akajiambia tena. Basi likapita kituo cha pili.

Ndipo yule bwana alipoipiga spana teke la mwisho, la nguvu, ikateleza njia nzima mpaka nyuma, ikagonga kiatu cha Sindano, ikatulia.

Fundi aliitazama. Ilikuwa nzito kuliko mkasi wake, mpini umezungushiwa kitambaa kilichochakaa pale mkono unaposhika. Mtu hawezi kukaa na kitu cha mwenzake miguuni akajifanya hakioni. Aliiokota, na baada ya kuiokota akagundua balaa alilojitia: lazima airudishe. Na mwenyewe yuko kule mbele, na mbele ya mwenyewe pana tumbo.

Akasimama. Njia nzima alipanga maneno: bwana, mwache dada wa watu. Bwana, mwache dada wa watu. Alipofika alimpa dada spana yake, akamgeukia yule bwana, akafungua kinywa, na hofu ikayafagia yote. Kikabaki kile ambacho ulimi wake husema kutwa nzima dukani:

"Samahani, mzee. Suruali yako imeachia mshono. Hapo nyuma."

Mikono yote miwili ya yule bwana ikaruka nyuma.

Basi likalipuka. Walioona na wasioona, wote walicheka. Mama mmoja wa mbele alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Yule bwana akawa anajizungusha kujitazama, kama mbwa anayetafuta mkia wake, anapapasa juu, anapapasa chini, na mshono u mzima kama siku ulipotoka kwenye cherehani. Alipolijua hilo, macho yake yakabadilika. Alimkamata Sindano kwa kola, akamnyanyua mpaka visigino vikaacha sakafu.

Kicheko kikakatika.

Sindano hakuwa na methali hata moja kichwani. Alichokisikia ni pumzi ya yule bwana usoni, na kifungo cha juu cha shati lake kikilia kutaka kukatika, na alijiambia, kwa ufundi wake wote, kwamba kifungo kile hakukishona vizuri.

Kisha kule nyuma kitu kikasimama. Ni Bondia. Alisimama tu, akaja, kifua kimejaza njia upande hadi upande. Waliokuwa mbele waliona mlima unakuja. Shangazi aliyekuwa nyuma yake aliona suruali inavyotetemeka. Mlima ulipofika ulitoa sauti nyembamba ajabu:

"Ndugu... naomba umteremshe fundi. Ana koti langu hajalimaliza."

"Na ikumbukwe," Ibara alipaza sauti kwa nyuma, kidole juu, "kwamba haya yote yana mashahidi! Mashahidi ni..." Akatazama huku na huku. Hakuna aliyemtazama. "Mashahidi ni mimi!"

"Na mimi," alisema yule mama wa kanga.

"Na mimi nimeona."

"Mimi pia. Tangu sokoni."

Mikono ikawa inanyooka mmoja mmoja, kwa aibu kwanza, kisha kama ya watoto wanaojua jibu. Dereva akasimamisha basi, akafungua mlango, akauliza bila hata kugeuza kichwa:

"Anayeshuka hapa ni nani?"

"Huyo!" likajibu basi zima.

Bwana akamwachia Sindano. Alishuka akitukana, lakini kimyakimya, kinyumenyume, mkono mmoja ukiwa bado nyuma ya suruali. Huwezi kujua, pengine yule fundi aliona kitu.

Ndani abiria wakapiga makofi. Shangazi alikuwa ameshapiga magoti akiokota vibano. Akamaliza, akakaa karibu na yule dada, akamimina kahawa. Dada alikipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Pole, mwanangu," alisema Shangazi. "Bahati nzuri tulikuwepo."

Dada akanywa kidogo. Akawaangalia mmoja mmoja, Sindano akiweka sawa kola, Bondia amepanua kifua upya, Ibara anapokea pongezi.

"Asanteni. Kweli asanteni," alisema. "Lakini niliwakuta humu. Nilipopanda mlikuwa mnacheka kule nyuma, nikasema leo safari itakuwa nzuri. Vituo viwili vyote vile mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa... kwenye majadiliano," Ibara akasema.

"Kumjibu mtu kama yule naweza. Nimeanza kujibu nikiwa darasa la kwanza, mdomo wangu umeshaota sugu. Maneno yake nimeyazoea. Mnaonichosha ni ninyi, mnapogeukia dirishani." Akamrudishia Shangazi kikombe. "Kahawa tamu."

Akabonyeza kengele, akauweka mfuko begani, akashuka kwenda kwenye mabomba yake. Sindano alisikia masikio yakimchoma moto. Hakuna aliyesema kitu mpaka hospitali.

Lakini soga haifi, huzimia tu. Walipomkuta Redio kitandani, mguu umetundikwa juu, ilizinduka.

"Basi nikamwambia," Bondia alisimulia, "wewe! Mteremshe huyo fundi kabla sijakuhesabu mbavu!"

"Nami nikamsomea vifungu vyote," Ibara alisema. "Akalegea."

"Alilegea kwa suruali," Shangazi akasema. "Na mimi ndiye niliyemtuliza mtoto wa watu. Kwa kahawa hii hii."

"Sindano je?" Redio aliuliza, macho yanang'aa, maana wiki ya pili hiyo alikuwa akitazama dari tu.

"Sindano alianza," Bondia alikiri. "Ila alianza kwa kukosea."

"Haya, nimewaelewa. Simba wa basi!" Redio alicheka mpaka mguu ukauma. "Na huyo dada, anaitwa nani?"

Bondia akamtazama Ibara. Ibara akamtazama Shangazi.

"Mimi nilikuwa namimina kahawa," alisema Shangazi.

"Mimi nilikuwa... Fundi, hukumwuliza?"

Sindano akatikisa kichwa. Aliikumbuka spana yake, kofia yake, hata mshono wa bega la ovaroli uliotaka kushikizwa. Jina hakuuliza. Hakuuliza mtu.

Kimya kikaingia chumbani, kikavuta kiti, kikakaa. Mlango ukafunguliwa ghafla, muuguzi akachungulia.

"Kuna nini humu?"

"Hakuna kitu, dada," alisema Ibara. "Hata hatujapiga kelele."

"Ndicho kilichonitisha. Nikadhani mgonjwa amekata roho. Haya, muda wa kuona wagonjwa umekwisha, nendeni makwenu."

Wakatoka wamenywea. Basi la kurudi lilipofika, watatu walinyoosha moja kwa moja kule nyuma kwa mazoea. Sindano hakuwafuata. Alikaa katikati, karibu na mzee mmoja asiyemjua aliyekumbatia mfuko wa ndizi, akajikohoza, akageuka, akaunyoosha mkono wake mwembamba.

"Shikamoo, mzee. Habari za safari? Samahani, unaitwa nani?"

Yule mzee alimwangalia juu mpaka chini. Akauvutia mfuko wa ndizi kifuani, akanyanyuka, akahamia kiti cha nyuma ya dereva.