Gitaa Linalomwimbia Mwenye Nalo

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimegundua kosa la dunia nzima. Nimekaa nalo tangu asubuhi bila kumwambia mtu, isipokuwa muuza mkaa, na yeye hana sikio la muziki.

Kosa lenyewe ni hili. Gitaa lina tundu tumboni, na tundu linawatazama watu. Yaani mtu ananunua gitaa kwa jasho lake, analipakata kama mwana, halafu sauti yote inakwenda kwa wasionunua hata uzi! Mwenye mali anabaki na makombo. Mafundi wote, tangu yule wa kwanza, hawakuliona. Mimi niliyeachana na shule mapema (walimu walinichoka, nami nikawachoka, tukaagana kwa heshima) nimeliona nikinawa uso.

Gitaa langu jipya litamwimbia mwenyewe. Tumbo nalifunga kabisa. Tundu moja tu, ubavuni kwa juu, na bomba la kuichukua sauti mpaka sikioni. Nimelia kidogo.

Tena limekuja kwa wakati wake. Dada yangu mkubwa, mwenye nyumba hii, ametoa tangazo wakati wa chai. Vyerehani vyake vipya vimefika, vimejazana chumbani kwake, analala navyo kama wake wenza. Anakitaka chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana yangu. Ananipa mpaka mwisho wa mwezi: gitaa moja litoke mlangoni kwa kununuliwa, na lisirudi. Hapo kwenye lisirudi alikaza sauti. Sawa, lile la duara lilirudi, kwa kuwa kila likilazwa mezani lilibingirika. Na lile la shingo mbili, mnunuzi hakuwa na mikono ya kutosha. Hilo ni kosa la mnunuzi.

Bila chumba hiki mimi si fundi. Ni mtu mzima anayekula kwa dada yake. Nimeandika hivyo mara moja, sirudii.

Jumatano, 4 Juni

Kazi inakwenda. Mbavu za gitaa nimezikunja kwenye bomba la moto, na vidole viwili navyo vimekunjika humo humo. Uso wa mbele nimeutoa kwenye mlango wa kabati, mbao nene, mbao dume. Wenzangu hutumia mbao nyembamba, wanasema eti lazima itikisike. Kwani ni jani? Ya kwangu haitikisiki hata ukiipanda. Nimeipanda.

Ndani nimetandika sponji ya godoro pande zote, ili sauti isijigonge ukutani ikaumia kabla haijafika. Hilo nalo hakuna aliyepata kuliwaza. Wakati mwingine nasikitika kwamba siwezi kuwa mwanafunzi wangu mwenyewe.

Fundi majeneza wa ng'ambo ya barabara kavuka kuja kuchungulia. Huyu ndiye adui yangu. Kila siku anajisifu kwamba wateja wake hawajawahi kurudi kulalamika. Akalizunguka gitaa, akaligonga kwa kidole, akasema boksi lililofungwa pande zote yeye analijua, lina jina lake, na wapangaji wake hawaimbi. Nikamjibu kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Akasema haya bwana, nikikwama nimwite, misumari ya kufungia anayo.

Ijumaa, 6 Juni

Mteja! Mwalimu wa hesabu wa nyumba ya jirani. Huyu na gitaa ni chanda na pete. Alikuwa akipiga kila jioni, na Jumapili akipiga kutwa, hadi siku gitaa lake lilipokaliwa na mkewe. Bahati mbaya, mke anasema. Alilikalia mara mbili.

Nikamkabidhi. Akaweka sikio kwenye bomba, akapiga, akafumba macho. Machozi yakamtoka mpaka kwenye tai. Akasema hajapata kujisikia hivyo maishani, kwamba leo ndiyo amejua yeye ni nani. Mimi niliyekaa mbele yake nilisikia kitu kama panya anakwangua gunia. Ni masikio yangu, yamejaa vumbi la mbao.

Kesho shuleni kwao wanamuaga mwalimu mkuu anayestaafu. Mwalimu wangu atapanda jukwaani apige nyimbo tatu. Likimpendeza huko, analinunua. Likimpendeza!

Nikamwarifu dada. Akasema amesikia, na kwamba mtu wa kupima dirisha la chumba cha mbele kwa ajili ya mapazia atapita Jumatatu, kwa tahadhari tu.

Jumapili, 8 Juni

Jana sikuandika. Jana nililala kifudifudi.

Ukumbi ulijaa pomoni. Wazazi, walimu, wanafunzi, na fundi majeneza naye, eti viti alivitengeneza yeye. Mwalimu akapanda, akaegemeza sikio bombani, akaanza. Watu wakamsubiri aanze. Akamaliza wimbo wa kwanza, bado wanamsubiri. Kwenye wimbo wa pili mzazi mmoja wa mbele akainamisha kichwa. Jirani yake akamwiga. Ikaenda safu kwa safu, mara ukumbi mzima vichwa chini, kofia mikononi. Walidhani ni dakika ya kumkumbuka marehemu. Ndipo mwalimu mkuu akasimama, akasema kwa sauti ya kufukuza wachelewaji kwamba yeye anastaafu, hajafa.

Wakaleta kipaza sauti. Kikatoa kwaru, kwaru, kwaru, mithili ya kuku jalalani. Fundi majeneza akacheka mpaka kiti kikamvunjikia. Kiti cha mkono wake mwenyewe! Sikupata faraja nyingine zaidi ya hiyo. Mwalimu peke yake hakuona kitu, alikuwa amefumba macho. Mimi nikalinyakua gitaa langu, nikatorokea mlango wa jikoni.

Kwisha habari yangu.  Dada kanipakulia chakula tele. Dada akikupakulia hivyo, ujue ameshakata shauri.

Jumatatu, 9 Juni

Maajabu! Asubuhi kaja mke wa mwalimu mwenyewe, mtandio umemfunika nusu ya uso, kama mnunuzi wa magendo. Akaniuliza taratibu, fundi, lile gitaa ni lile lile? Hujaligusa? Hujalirekebisha? Nikakiri kwa aibu kwamba bado. Akashusha pumzi. Akasema usiliguse kaka yangu, nakuomba, hivyo hivyo lilivyo. Mumewe amerudi na furaha ya ajabu, anasimulia kwamba ukumbi mzima haukupumua, na tangu juzi analia hamu ya kupiga. Basi na apige! Akalinunua papo hapo, hakuomba hata kupunguziwa, akalibeba mwenyewe kifuani.

Kizuri chajiuza. Mama yule ana sikio! Mwenye mapazia nimemrudisha kwao.

Jumamosi, 14 Juni

Sina nafasi ya kuandika, nina oda. Mama wa ghorofani, ambaye mwanawe anajifunza. Mzee mwenye vyumba vya kupangisha, ana mpangaji anayetunga nyimbo. Muuguzi wa zamu ya usiku, analala mchana, na mumewe hana kazi ila ana kipaji. Wote lugha moja: kama la mwalimu, vile vile, usibadilishe hata msumari. Kabla ya kuja walikwenda kusimama chini ya dirisha la mwalimu akiwa anapiga. Walisimama sana. Muuguzi aliondoka hapo ameshika kifua, akasema ni raha tupu.

Dada kahamishia vyerehani kwenye korido. Amesema haya, chumba ni changu, ila likirudi hata moja, vyerehani vinaingia siku hiyo hiyo. Kisha akaniita pembeni, akanishika mabega kama alivyokuwa akinishika kabla ya kunitoa mwiba. Akasema mdogo wangu, we tengeneza vile vile. Usitie akili. Nakuomba, usitie akili.

Nimeshangaa sana. Kuniambia mimi nisitie akili ni kumwambia samaki asilowe.

Hata fundi majeneza kaja kwa adabu, kofia mkononi. Anataka tushirikiane, maboksi atoe yeye, maana kwenye kimya ana uzoefu. Sikumwelewa. Nimemwambia nitafikiri. Sitafikiri.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefikiri, lakini si habari ya majeneza.

Hawa watu wamelipenda gitaa langu na, tuseme kweli, hawalisikii vizuri. Wakilisikia je? Mtu aliyeshiba kwa harufu, unamficha sufuria? Mimi sina roho hiyo. Halafu kile kicheko cha ukumbini bado kinaniwasha.

Mpango. Sponji nje. Uso naweka mbao nyembamba, acha itikisike, msimamo nimebadilisha, wakubwa hubadilisha. Bomba naling'oa. Badala yake matundu mawili mbele, mapana kama sahani, na ndani nafunga kipande cha bati cha kunguruma. Oda zote zinatoka hivyo. La mwalimu nimelichukua kwa werevu, nikamwambia ni huduma ya bure kwa mteja wa kwanza. Mkewe hakuwepo. Vizuri, nataka ashtuke.

Dada hajui. Aliponiuliza kama natengeneza vile vile, nikamwambia kama anavyonijua. Akakunja uso.

Jumapili, 22 Juni

Nimeyagawa yote leo mchana, kila moja nimelifunga kitambaa kama zawadi. Jioni nikaweka kiti barazani, nikasubiri.

Akafungua mwalimu. Lahaula! Sauti ilitoka kama geti la chuma lililoachiwa na upepo. Na hapo nikajua jambo ambalo halikuwa limenifikia: mwalimu hajui kupiga. Hata chembe. Mtoto wa ghorofani akamdakia. Akaingia mpangaji, ana wimbo mmoja, unamhusu mwenye nyumba, kwa jina. Mume wa muuguzi kipaji chake kiko kooni, nacho kimekwama huko. Mbwa wa mtaa wakaitikia. Madirisha yakaanza kufungwa, pa, pa, pa, nyumba hadi nyumba. Nikaelewa: wanaizuia sauti isitoke ikafaidiwa na mitaa mingine.

Nikasimama, nikapiga makofi peke yangu. Dada alitoka, akasikiliza, akaketi kwenye ngazi, akaweka kichwa magotini. Ng'ambo fundi majeneza kajifungia dukani. Nasikia aliingia kwenye jeneza moja akavuta mfuniko.

Jumatatu, 23 Juni

Yamerudi.

Foleni mlangoni kama ya bombani. Mzee wa vyumba aliliweka chini, akajifuta mikono. Mama wa ghorofani alisema anataka lile nililomwahidi, hili nimpe adui yangu. Muuguzi, macho kama nyanya, aliniuliza amenikosea nini. Amenikosea nini! Nikamwambia hajanikosea kitu, mimi nampenda kama dada. Akaangua kicheko kisicho kizuri.

La mwalimu peke yake halijarudi. Hataki kulitoa. Amegundua kwamba mtaa mzima unamsikia, sasa analala amelikumbatia, na mkewe hapati pa kulikalia. Nikamwambia dada, unaona, moja limebaki! Dada akasema hilo ndilo lililopaswa kurudi kwanza. Akakunja mikono ya gauni, akaanza kuvuta cherehani cha mbele. Akasema hana neno na mimi, neno lake alishalisema.

Karakana yangu sasa iko chini ya ngazi ya nyuma. Nikisimama nagonga kichwa, nikikaa nagonga magoti. Nikipiga randa lazima mtu afungue mlango wa choo.

Jumatano, 25 Juni

Leo kaja mke wa mwalimu hapa chini ya ngazi. Kakaa juu ya ndoo. Hajalala, inaonekana. Nyuma yake muuguzi, mama wa ghorofani, na mzee wa vyumba, wamesimama kama wanaosubiri majibu ya daktari.

Akasema kaka yangu, nitengenezee lile la kwanza. Lile la bomba. Nimbadilishie mume wangu akiwa shuleni. Bei sema mwenyewe, sitakubishia. Wenzake wakasema nao vile vile, kila mtu la kwake, leo leo. Dada alisimamisha cherehani, akaja na sindano mdomoni, akaitoa. Akasema sema ndiyo tu, mdogo wangu. Ukisema ndiyo, vyerehani vinatoka jioni hii, chumba chako, na ufunguo nakupa ukae nao.  Alikinyoosha kabisa kile kiganja chenye ufunguo.

Wote wakanitazama.

Nikawaona mara moja. Hawa watu ni wema! Walinivunja moyo Jumatatu, sasa wamekaa kikao, wakaona aibu. Wameamua waombe lile dogo, lile bubu, ili nisichoke. Dada naye kaingizwa kwenye njama ya huruma, mpaka anatoa chumba.  Lakini fundi harudi nyuma kwa sababu ya kuonewa huruma.

Nikamrudishia dada ufunguo, nikaufunga mwenyewe katika vidole vyake. Nikawaambia wasijipunje, dawa nimeshaijua: matundu mawili hayatoshi. Mke wa mwalimu ndiye wa kwanza. Mumewe namtengenezea la matundu matatu na mabati mawili, na bomba pia nalirudisha kwa kuwa amelipenda, ila safari hii litazame mtaani. Bure kabisa.

Mzee wa vyumba akaondoka bila kuaga. Dada akarudi kwenye cherehani, nikamsikia anashona, nilipochungulia hakukuwa na kitambaa. Mke wa mwalimu alibaki pale pale juu ya ndoo, akalia. Si machozi ya mchezo, alilia kwa mabega.

Mimi mtu akilia kwa furaha mbele yangu siwezi kumtazama. Nikageuka, nikaanza kunoa patasi.